Shufwa na Witiri katika Kiondo cha Ukambani

Watazamaji wengi wa vyondo vya Kitui na Makueni huchukulia mistari, mishazari na madoadoa yake kuwa mapambo yaliyoongezwa juu ya mfuko ili upendeze sokoni. Nadai kinyume chake. Ruwaza ya kiondo ndiyo jengo lake, huwezi kuiondoa bila kukifumua chote, na kwa sababu hiyo mama anayekisuka anafanya sanaa dhahania kwa maana kamili, kwa kuwa umbo na rangi hapo havisimulii mti wala mnyama, vinasimulia namna vilivyofungamana. Ushahidi wa dai hili uko kitakoni, kazi inakoanzia.

Jozi chache za kamba hupishanishwa, hukazwa katikati, na ncha zake hutawanyika pande zote: hiyo ndiyo mitande. Kisha nyuzi mbili za mshindio, zilizosokotwa pajani hadi zikawa nyembamba na ngumu, huanza kuizunguka. Mmoja hupita mbele ya mtande, mwenzake nyuma, halafu hupindana kabla ya kufikia mtande unaofuata. Uzi mmoja ukiwa mweupe na wa pili mweusi, macho yataona nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Sasa hesabu ndiyo inayochora. Mitande ikiwa shufwa, tuseme 60, kila mzunguko mpya huweka rangi ileile juu ya mtande uleule, na mistari husimama wima kuelekea mdomoni. Ikiwa 61, rangi hubadilishana nafasi kila mzunguko na ukuta mzima huwa madoadoa ya drafti. Msukaji akitaka rangi fulani ibaki mbele, huzipindua nyuzi mara mbili badala ya mara moja. Hivyo ndivyo pembetatu au mkanda mzito wa rangi moja unavyopatikana, kwa gharama ya uzi zaidi na ukuta mnene zaidi. Na kwa kuwa rangi isiyo mbele iko nyuma, ndani ya kiondo mna ruwaza ileile ikiwa imegeuzwa, nyeupe mahali pa nyeusi.

Ugumu wenyewe unakuja kitako kinapopanuka. Duara likipanuka maradufu, mitande nayo haina budi kuwa maradufu, la sivyo mianya inafunguka na maharagwe yanamwagika. Lakini kila mtande unaoongezwa peke yake hugeuza shufwa kuwa witiri, na mstari uliokuwa umesimama unavunjika. Msukaji ataongeza miwili miwili na kuuhifadhi mstari, au ataongeza mmoja makusudi na kuanzisha ruwaza nyingine, au atangoja mpaka afike kwenye mkanda wa rangi moja ambao utaificha nyongeza. Haya ni maamuzi ya utunzi, tena hufanywa bila mchoro wa karatasi, kiondo kikiwa mikononi na mazungumzo ya mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, yakiendelea.

Malighafi nazo zina kauli. Nyuzi za gamba la ndani la mbuyu ni laini na zina wekundu wa udongo. Katani, uzi wa mkonge, ni nyeupe, kavu, na inapokea rangi ya kuchemsha vizuri. Mkonge wenyewe ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika mwaka 1893, na leo mashamba ya mkonge yametanda Kibwezi, huko Makueni, jirani na mibuyu. Zikikutana nyuzi hizi mbili katika mshindio mmoja, unene wake hautoshani, na mstari ambao hesabu imeunyoosha unapata mawimbi. Naona uzuri mkubwa hapo, nao haukadiriki kwa idadi ya mitande peke yake.

Kuna watakaosema kwamba ruwaza huagizwa na wanunuzi, hasa tangu biashara ya nje ilipovuma miaka ya 1970 na 1980. Ni kweli kwamba agizo hutaja ukubwa na rangi. Halisemi mtande wa nyongeza uingie wapi, na hapo ndipo kazi ya mkono mmoja inapotofautiana na ya mwingine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hesabu si sanaa, mashine pia huhesabu. Lakini kitambaa cha mashine hupangiwa mitande yote kabla ya mshindio wa kwanza. Kiondo huzaa mitande yake kinapokua, na kila nyongeza hulazimisha uamuzi mpya.

Pingamizi la mwisho, kwamba kiondo ni chombo cha kubebea mahindi tu na kwa hiyo si sanaa, nalo halinishawishi. Jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, lilimfanyia Anni Albers, mfumaji, maonyesho yake binafsi mwaka 1949, na vitambaa vyake vingi vilikuwa vya matumizi. Karibu na nyumbani, Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya anayeishi Texas, huyaachia mabati maji na kutu viyatie rangi, kisha huyaunganisha kwa waya, na kazi zake huitwa sanaa dhahania kwa sababu malighafi na mbinu ndizo zinazochora. Kipimo hicho kitumike Mutomo ya Kitui na Wote ya Makueni pia. Kiondo kisitundikwe ukutani kikionyesha ubavu mmoja. Kiwekwe chini, mdomo wazi, jina la aliyekisuka kando yake, na mtazamaji aruhusiwe kukigeuza ahesabu mitande.