Wauguzi wa Kidongo Chekundu

Mtu ameokotwa Darajani usiku, jina lake halitaji. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, Zanzibar, humpokea. Muuguzi humwogesha kwanza, humkata kucha, humpa kidonge na kungoja mpaka ahakikishe kimemezwa, hakikufichwa chini ya ulimi. Akirushiwa ngumi huizuia, hairudishi.

Kisha ile kazi ninayoiheshimu kuliko zote: kumtafutia kwao. Labda Pete, labda Charawe, kule pembezoni mwa msitu wa Jozani. Nyumba imeshazoea kutokuwa naye, chumba kapewa mwengine. Muuguzi hukaa barazani na shangazi mtu, akamweleza sindano ya kila mwezi, na kwamba huyu si wa kufungwa kamba. Shangazi husikiliza kimya. Halafu huuliza, "Sasa atalala wapi, mwanangu?" Na muuguzi haondoki.