Programu-jalizi: Neno Moja kwa Dhana Tatu

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza istilahi moja iliyokwisha enea katika tafsiri za programu za kompyuta, nayo ni programu-jalizi. Hatuna ugomvi nayo inapohusu programu za kusomea kurasa za intaneti. Huko programu kuu hujitosheleza, na mtumiaji huongeza kitu apendapo. Kasoro hudhihirika pale wafasiri wanapoihamishia katika uwanja wa ukokotoaji sambamba, yaani kompyuta nyingi kugawana hesabu moja na kuifanya kwa wakati mmoja.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, asikiapo redioni utabiri wa mvua, apokea matunda ya hesabu za namna hiyo. Anga hukatwa vipande. Kila kompyuta hupewa chake, nayo hubadilishana na jirani zake tarakimu za mipakani, maana upepo hauishii mpakani. Mkulima huyo angesema kila moja imepewa ngwe yake. Neno hilo tunalo tangu zamani, lakini wafasiri hulipita na kuandika sehemu. Katika rasimu moja ya mafunzo iliyotufikia, sehemu ilikuwa ngwe katika aya ya kwanza na kipande cha programu katika aya ya pili. Mwalimu wa sekondari mjini Mpanda, asiye na wa kumwuliza, angefundisha nini?

Ni nani basi azivushaye tarakimu hizo mipakani? Tuchukue mfano wa Open MPI, programu iliyoelezwa hadharani mwaka 2004 na itumikayo hata leo. Ndani yake mna ngazi tatu. Kiunzi hutaja kazi inayotakiwa, kama vile kupeleka data. Kijenzi ni njia mojawapo ya kuitenda kazi hiyo: kimoja hupitisha data katika kumbukumbu ya pamoja ndani ya kompyuta moja, kingine hupitisha katika waya wa mtandao. Moduli ni kijenzi kilichokwisha kuwekwa kazini. Programu inapoanza huvikagua vijenzi vilivyopo, huuliza kila kimoja kama chaweza kufanya kazi mahali hapo, kisha huchagua. Rasimu tuliyoitaja iliziita ngazi zote tatu programu-jalizi.

Tena neno lenyewe lapotosha. Kujaliza ni kujaza kilichopungua, na walimu wa sarufi wanakijua kijalizo kuwa ni kile kinachokamilisha. Hapa hakuna kinachojazwa. Bila vijenzi hivi hakuna tarakimu hata moja itakayovuka. Mpunga wa Mpanda waweza kufika Tabora kwa reli ya kupitia Kaliua au kwa lori. Hakuna aliyepata kuliita lori jalizo la mpunga.

Kwa maoni yetu, programu-jalizi ibaki katika kurasa za intaneti, ambako imezoeleka mno kung'olewa. Katika ukokotoaji sambamba tunapendekeza kiunzi, kichomeko na moduli. Mwanafunzi wa Mpanda hachelewi kusema "chomeka chaji," naye ajua kuwa tundu likilingana na kichwa cha waya, chaji hii yaweza kuchomolewa na nyingine ikashika mahali pake.

Mwenzetu mmoja amepinga kwamba kichomeko kitachanganywa na kichomeo cha fundi wa vyuma. Hofu hiyo haituzuii, kwani fundi na mtaalamu wa kompyuta ni nadra kukutana katika sentensi moja. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kuchomeka hakutaji uchaguzi, na uchaguzi ndio kiini cha jambo hili. Hapo hatujapata neno la kuturidhisha. Kijenzi teule tulikijaribu tukakiacha, kwa kuwa chasikika kama cheo. Wasomaji wenye neno bora, hasa kutoka Kibende, Kipimbwe au Kikonongo, watuletee pamoja na sentensi mbili za matumizi yake.