Kinaya na Mpangilio wa Msuko katika Juzuu ya Pili ya The Lord of the Rings

The Two Towers, juzuu ya pili ya riwaya ya fantasia The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ilichapishwa mwaka 1954. Kwa kuwa haina mwanzo wala hatima ya kisa, ni rahisi kuichukulia kuwa kiungo tu baina ya juzuu ya kwanza na ya tatu. Uchambuzi huu unaonesha kuwa juzuu hiyo ina dhima yake mahususi, inayobebwa na mpangilio wa msuko.

Juzuu imegawanywa katika vitabu viwili. Kitabu cha Tatu, chenye sura 11, kinasimulia vita vya Rohan na kuanguka kwa Isengard. Kitabu cha Nne, chenye sura 10, kinarudi nyuma kuwafuata Frodo na Sam wanaopeleka Pete Mordor. Mgawanyo huu unazaa kinaya. Katika sura ya tano ya Kitabu cha Tatu, Gandalf, kiongozi wa msafara aliyedhaniwa kufa Moria, anarejea. Katika sura ya tano ya Kitabu cha Nne, Frodo anamsimulia Faramir jinsi Gandalf alivyopotea Moria. Msomaji anajua kuwa Gandalf yu hai. Frodo hajui, wala hana wa kumjuza. Kwa hiyo, uthabiti wa Frodo hautokani na habari njema, bali na jukumu alilolikubali.

Mpangilio huu una upungufu wake. Aragorn na wenzake wanatoweka kwa sura 10 mfululizo, na taharuki ya vita inapoa. Hata hivyo, sura ya mwisho inaufidia upungufu huo. Baada ya Frodo kuchomwa sumu na Shelob, buibui mkubwa, Sam anaamini bwana wake amekufa, naye anaichukua Pete. Msomaji, aliyezoea kujua zaidi ya wahusika, safari hii anaomboleza pamoja na Sam. Ni mazungumzo ya askari wa adui yanayowafunulia wote wawili kuwa Frodo yu hai, lakini ameshatekwa.

Kwa jumla, nafasi ya msomaji inageuzwa: aliyemtazama Frodo akitenda bila kujua, mwishowe anaonjeshwa kutojua kwenyewe. Maana hiyo haipatikani kwa kuisoma juzuu hii kama njia ya kupitia tu.