Kisu cha Kwanza Kutoka Springi ya Gari

Kutengeneza kisu kwa mkono ni kazi tatu: kuchagua chuma, kukipa umbo, na kukitia ugumu. Anayejifunza ufundi huu kwa kujifurahisha, jioni au siku za mapumziko, aghalabu hutumia nguvu zake nyingi kwenye kazi ya pili, kwa kuwa umbo ndilo linaloonekana. Lakini visu viwili vilivyokatwa kwenye kipande kimoja, vyenye urefu sawa na mpini wa aina moja, vinaweza kutofautiana kabisa. Kimoja kitakata kamba kutwa nzima, na kingine makali yake yatajikunja kwenye muhogo wa kwanza. Tofauti hiyo hutoka motoni.

Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoamua iwapo kitakubali ugumu. Nondo za ujenzi na vyuma vya kutengenezea mageti havifai, maana kaboni yake ni ndogo mno. Vinaweza kukatwa, kusuguliwa na kung'arishwa hadi vikawa na sura ya kisu, lakini havitashika makali hata vichovywe mara ngapi. Visu vingi vya mafundi wa mkono hutumia chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hadi 1. Ng'ambo anayeanza hushauriwa kununua bapa jipya la chuma kinachouzwa kwa namba 1084, ambacho hakina masharti mengi motoni. Ushauri huo ni mzuri kwa anayeweza kukipata. Afrika Mashariki, chuma kilicho karibu zaidi ni springi bapa za gari, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya malori na Land Rover za zamani. Wahunzi wamezigeuza panga, visu na majembe kwa miaka mingi. Nyingi ni chuma cha jamii ya 5160, chenye kaboni ya asilimia 0.56 hadi 0.64 na kromiamu isiyofika asilimia 1.

Njia hii ina historia ya heshima hata mbali na gereji za huku. Robert Loveless, Mmarekani aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa watengeneza visu wakubwa wa karne ya 20, alikuwa baharia wa meli za biashara alipotaka kununua kisu cha fundi aitwaye Randall mjini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliambiwa asubiri miezi kadhaa. Badala ya kusubiri alitafuta springi ya gari bovu akatengeneza chake. Randall mwenyewe, ambaye kisu chake kilikuwa kikigombewa hivyo, naye alianza miaka ya 1930 kwa springi ya gari.

Tatizo la springi ni kwamba haina cheti. Haijulikani kwa hakika ni chuma gani, na imeshafanya kazi miaka mingi chini ya mzigo, hivyo inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo kipande kidogo hukatwa kwanza kwa ajili ya majaribio. Hutiwa moto hadi kiwe chekundu kilichokolea, kikachovywa kwenye mafuta, kisha kikabanwa kwenye vaisi na kupigwa nyundo, huku anayepiga akiwa amevaa miwani ya kinga. Chuma kilichokubali ugumu huvunjika bila kupinda. Palipovunjika pakiwa laini na pa kijivu, bila chembe za kuonekana, chuma ni kizuri na moto ulikuwa wa kiasi. Pakiwa na chembechembe zinazometa mithili ya sukari, moto ulizidi. Kipande kikipinda tu, ama moto haukutosha ama kaboni haitoshi, na hapo hurudiwa kwa moto mkali kidogo kabla ya kulitupa bapa lote. Ni jaribio la nusu saa linaloweza kuokoa kazi ya wiki nzima, na inasikitisha kuona linavyorukwa.

Springi huja ikiwa ngumu na imepinda, kwa hiyo lazima ilainishwe kwanza. Hutiwa moto hadi sumaku iache kushika, ikanyooshwa kwa nyundo juu ya fuawe au kipande cha reli, kisha ikafukiwa kwenye majivu makavu ya kutosha hadi kesho yake. Kupoa huko kwa polepole huiacha ikiwa laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa chuma na kutobolewa kwa drili. Ikitolewa mapema na kuachwa kwenye upepo, kromiamu iliyomo huifanya ibaki ngumu kiasi cha kula tupa.

Baadaye kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufua, yaani kulipiga bapa likiwa jekundu hadi lichukue umbo. Ya pili ni kuondoa chuma kisichotakiwa kwa msumeno, grainda na tupa mpaka kisu kibaki. Kufua ndiko kunakovutia macho, lakini kunadai mkono uliozoea nyundo, na kila pigo lililokosea huacha shimo la kusawazishwa kwa tupa. Anayeanza atapata kisu bora, tena mapema zaidi, kwa njia ya kuondoa. Loveless mwenyewe alijijengea jina kwa njia hiyo. Isitoshe, springi nyingi zina unene wa milimita 6 au zaidi, na kisu cha jikoni hakihitaji zaidi ya milimita 3. Ni busara kutafuta springi nyembamba za magari madogo kuliko kuhangaika kulipunguza bapa la lori.

Umbo la kwanza liwe dogo na rahisi: ubapa wa sentimita 9 au 10, mgongo ulionyooka au unaoshuka kidogo kuelekea ncha, na msuka mpana unaofuata umbo lote la mpini. Mchoro hukatwa kwenye karatasi ngumu, ukashikwa mkononi, ukarekebishwa, ndipo ukahamishiwa kwenye chuma. Matundu ya pini hutobolewa wakati huu, maana drili ya kawaida haitapenya chuma kikishatiwa ugumu.

Kazi ya mkono iliyo ngumu kuliko zote ni mteremko wa ubapa, yaani ile sehemu inayopungua unene kutoka karibu na mgongo hadi kwenye makali. Kosa linaloonekana mno ni makali yaliyohamia upande mmoja. Kinga yake ni nyepesi. Ukingo utakaokuwa makali hupakwa wino wa kalamu nzito. Kisu na msumari wa drili wenye kipenyo sawa na unene wa chuma hulazwa juu ya meza iliyo sawa, na ncha ya msumari hukokotwa kwenye ukingo ule. Kwa kuwa ncha ya msumari iko katikati ya kipenyo chake, mstari unaochorwa huangukia katikati ya unene. Kisu hugeuzwa na kuchorwa tena upande wa pili. Kama kuna tofauti yoyote, hutokea mistari miwili iliyokaribiana sana, na makali hutakiwa kubaki kati yake.

Tupa kubwa yenye meno makali hufanya kazi hii vizuri kuliko grainda iliyo mikononi mwa mgeni. Ni ya polepole, lakini huondoa chuma kidogo kidogo kiasi kwamba kosa huonekana kabla halijawa kubwa. Kwanza hukatwa mteremko mkali karibu na ukingo, nyuzi 45 hivi, hadi kwenye mstari wa katikati. Kisha tupa hulazwa zaidi, na mteremko husukumwa juu kidogo kidogo kuelekea mgongo. Kila baada ya mapigo machache chuma hupakwa wino tena: wino ukifutika juu tu, tupa imelala mno, na ukifutika chini tu, imesimama mno. Makali hayafikishwi mwisho. Huachwa na unene wa karibu milimita 1, kwa sababu ukingo mwembamba hupinda au kupasuka unapochovywa. Mikwaruzo mirefu ya tupa pia huondolewa kwa msasa, kwani ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo.

Sasa moto. Chuma cha pua kikiwa baridi, mpangilio wa atomu zake hauna nafasi ya kaboni, hivyo kaboni hujitenga katika matabaka membamba. Joto likipita nyuzi 727 za Selsiasi, mpangilio huanza kubadilika kuwa austeniti, hali inayoweza kuimeza kaboni yote. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga tena na chuma hurudia ulaini. Kikipozwa ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka. Hunaswa ndani, mpangilio wa atomu huvutika, na hali ngumu mno iitwayo martensiti huzaliwa. Kila analofanya fundi kwenye hatua hii ni kuhakikisha kaboni imemezwa yote kabla ya kuchovya, na haipati mwanya wa kutoka wakati wa kuchovya.

Kwanza ubapa hutiwa moto na kuachwa upoe hewani mara tatu, kila mara kwa joto lililo chini kidogo ya lililotangulia. Hatua hii husahaulika sana. Husawazisha chembe zilizokuzwa na moto wa awali na kuondoa mkazo uliobaki baada ya kunyooshwa. Kisha huja moto wenyewe. Tanuri la mkaa lenye feni ndogo linatosha, ila lina sehemu za moto mkali na sehemu za moto hafifu. Bomba la chuma lililozibwa upande mmoja na kulazwa kati ya makaa husaidia sana: kisu hukaa ndani ya bomba, kikapata joto lililo sawa bila kupigwa na upepo.

Joto linalotakiwa kwa chuma cha 5160 ni nyuzi 830 hivi. Wengi hutegemea sumaku, lakini sumaku huacha kushika kwenye nyuzi 770, kwa hiyo ikiacha bado kuna safari. Dalili nyingine iko kwenye chuma chenyewe, na huonekana vizuri gizani au kivulini. Ubapa unapopita kwenye badiliko, vivuli vyeusi hutambaa juu ya wekundu wake, kwa sababu joto linaloingia linatumika kubadilisha mpangilio wa atomu badala ya kupandisha rangi. Vivuli vikiisha kila mahali, kutoka kwenye msuka hadi ncha, na rangi ikawa moja, huongezwa moto kidogo na kisu hushikiliwa hapo dakika chache. Kukizidisha hadi rangi ya chungwa iliyong'aa ni kukuza chembe na kukifanya kisu kiwe rahisi kuvunjika.

Mafuta ya alizeti au mengine ya kupikia hutosha kwa chuma hiki. Mafuta machafu ya injini yana moshi wenye sumu na hayana faida yoyote zaidi. Maji ni hatari, maana hupoza kwa ukali unaoweza kupasua ubapa. Mafuta hupashwa moto hadi nyuzi 50 au 60, kwani yakiwa vuguvugu huwa mepesi na hukizunguka chuma haraka kuliko yakiwa baridi. Huwekwa kwenye chombo kirefu cha chuma, kamwe si ndoo ya plastiki, nje ya nyumba, na kifuniko kikiwa karibu cha kuzimia moto. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Kisu huingizwa ncha kwanza, kikasogezwa juu na chini bila kuyumbishwa kando, hadi kiache kutoa moshi.

Tupa ndiyo hakimu. Ikipitishwa kwenye makali na kuteleza bila kuuma, ugumu umeingia. Ikiuma, kazi hurudiwa. Huenda chini ya utando wa juu uliopoteza kaboni kuna chuma kigumu, kwa hiyo tupa hupitishwa mara mbili tatu kabla ya hukumu. Hapo kisu kiko kwenye hali yake ya hatari. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili, na kikiachwa usiku kucha kinaweza kupasuka chenyewe.

Kwa hiyo huokwa siku hiyohiyo. Oveni huwekwa kwenye nyuzi 200, na kisu hukaa humo saa mbili, kikatolewa kipoe, kisha kikarudishwa saa mbili nyingine. Kitufe cha oveni si cha kuaminiwa. Kipimajoto cha pembeni ni cha lazima, na trei ya mchanga chini ya kisu hupunguza kupanda na kushuka kwa joto. Sehemu iliyosuguliwa hadi kung'aa itachukua rangi ya manjano hafifu. Ikifika zambarau au buluu, joto limekaribia nyuzi 300 na ugumu mwingi umekwenda. Kuoka huku hutoa sehemu ndogo ya ugumu na kurudisha uvumilivu mwingi, na chuma hubaki karibu 58 kwenye kipimo cha Rockwell C.

Kazi ya kumalizia ubapa haitakiwi kuharibu kilichopatikana. Kwenye grainda kisu hushikwa bila glovu na kuchovywa majini kila kinapoanza kuchoma vidole, kwani doa la buluu kwenye makali lina maana kwamba sehemu ile imelainika tena. Makali hupunguzwa hadi unene wa milimita 0.4 hivi.

Mpini ni kazi ya useremala. Mninga ni rahisi kuchonga. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na hung'aa vizuri, lakini vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, kwa hiyo barakoa huvaliwa muda wote. Vipande viwili hushikwa na gundi ya epoksi pamoja na pini za shaba, na ncha zao za mbele humaliziwa kabla ya kugandishwa, maana baadaye haziwezi kusuguliwa bila kukwaruza ubapa.

Kisu hunolewa kwenye kinoo kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, hadi ukingo mwembamba wa chuma ujikunjie upande wa pili kwa urefu wote wa makali, kisha ukingo huo huondolewa kwa mkanda wa ngozi. Jumuiya ya wahunzi wa visu ya Marekani, American Bladesmith Society, iliyoanzishwa mwaka 1976, humpima mwanachama wake kwa kisu kimoja kinachokata kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, kikakata mbao mara mbili, kikanyoa nywele bila kunolewa tena, na mwishowe kikapindwa nyuzi 90 kwenye vaisi bila kuvunjika. Kisu cha kwanza hakihitaji mtihani mkali hivyo. Kamba ya katani na kipande cha mti mkavu vinatosha, na baada yake makali huchunguzwa kwenye mwanga. Yakiwa yamejikunja, ama moto haukufika ama oveni ilizidi, na kisu hutolewa mpini na kurudishwa tanurini. Yakiwa yamemeguka, kisu hutolewa mpini, huokwa tena kwa nyuzi 15 zaidi na kunolewa upya. Yakiwa mazima lakini kisu kinakata kwa shida, chuma hakina kosa. Ubapa umeachwa mnene nyuma ya makali, na dawa yake ni kuupunguza kwa msasa na maji.