Nyundo ya Thor Ilipofika Omurushaka

Avengers: Endgame ilitoka Aprili 2019. Flashi yenye picha hiyo ilipotufikia Omurushaka, Karagwe, watu wa Dar es Salaam walikuwa wameshahamia kwenye mazungumzo mengine. Niliiona jioni ya mvua ndani ya kibanda umiza, kiingilio shilingi 500: bati juu, maturubai pembeni, benchi zinazochuna suruali, runinga moja na spika mbili zilizopandishwa juu ya kreti za soda. Kando ya runinga alikaa kijana ambaye mchana ni bodaboda. Kipaza sauti chake alikifunga leso ili pumzi isivume.

Ikafika pale nyundo ya Thor inapojiinua yenyewe kutoka ardhini, ikamgonga Thanos, kisha ikarudi mkononi mwa Captain America. Nyundo ile haiinuliwi na mtu asiyestahili. Mtazamaji aliyezifuata picha zilizotangulia hahitaji kuambiwa, anaruka kitini. Wengi wetu hatukuwa tumezifuata. Kijana akabonyeza rimoti, picha ikaganda, akasema taratibu kama mtu anayeongea na babu yake:

"Wazee, ile ngoma ya Bweranyange mnaijua. Ndogo, lakini Nnanaji kaishindwa, Rogero kaishindwa. Kaja Rumanyika, kainyanyua kwa kidole. Sasa mtazameni huyu."

Akaachia picha. Kibanda kizima kikalipuka.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Habari ya ngoma ile niliisikia nikiwa mdogo, na baadaye nikaikuta imeandikwa. Speke, Mwingereza aliyefika kwa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, Novemba 1861, aliiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1863: Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waliwekewa ngoma ndogo yenye uganga, ambayo angeiweza tu yule aliyekusudiwa kutawala. Waandishi wa Hollywood hawakuijua Karagwe, na kijana wa bodaboda huenda hajawahi kukishika kitabu cha Speke. Lakini aliona kwamba vitu hivi viwili ni kitu kimoja, na alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mara mbili tu kutuonyesha. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza picha fulani mpya ni nzuri au mbaya, namuuliza kwanza: uliiona imesemwa na nani?

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, kuona picha mpya kwenye ukumbi wa sinema mara nyingi maana yake ni kupanda basi na kumaliza siku nzima na zaidi njiani hadi Mlimani City, Dar, au kuvuka mpaka kwenda Kampala. Wachache wanaweza. Waliobaki wana kibanda, na kibanda kina msemaji. Siku hizi mara nyingi msemaji amesharekodiwa. DJ Mack anasikika Kayanga kama anavyosikika Mbeya, DJ Afro wa Kenya naye ana wapenzi wake, na ukikaribia Murongo, ambako Mto Kagera tu ndio unaotutenga na Kikagati ya Uganda, utakuta picha za mavijei, yaani wasemaji, wa Kampala kwa Kiganda. Wanaosema papo hapo, mdomo kwa mdomo na watazamaji, wamepungua. Ni hao ninaowasifu leo, kwa sababu kwao ndiko ufundi unakoonekana mshono kwa mshono.

Ufundi wenyewe si wa jana. Enzi za mkoloni, gari la sinema lilipoingia kijijini, palikuwa na mkalimani mwenye kipaza sauti aliyewaeleza watu wanachokiona. Baadaye, zama za kanda za VHS, jina lililotamba Tanzania nzima lilikuwa Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala. Mjerumani Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, aliyewachunguza wasemaji hawa, aliipa makala yake kichwa kinachozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Kichwa hicho kimelenga. Wali unaletwa kutoka kwingine, umeshaiva. Viungo ni vyetu.

Na kabla ya gari la sinema, Kagera ilikuwa na enanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika mwaka 1983 kuhusu watambaji wanaopiga zeze hilo, akiuliza kama ni wasanii wa tendi. Mtu mmoja, nyuzi chache, na sauti inayogeuka kuwa mfalme, mke wa mfalme, adui na ng'ombe. Ukimwangalia msemaji wa kibanda akihama kutoka sauti ya Thanos kwenda sauti ya Iron Man bila kumeza mate, unajua ametokea nyumba gani, hata kama mwenyewe hajui.

Wajapani nao waliwahi kuwa nayo sanaa hii. Wakati wa sinema bubu, benshi alisimama kando ya pazia akisema yote, na baadhi yao walikuwa na wapenzi wengi kuliko waigizaji. Filamu zilipoanza kusema zenyewe, kazi ikafa. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Alijiua mwaka 1933. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Picha zilikuja zikisema tayari, lakini lugha yao haikuwa yetu, kwa hiyo msemaji hakufukuzwa na sauti. Sauti ndiyo iliyomwajiri.

Sasa niseme anafanya nini hasa, maana wengi hudhani anatafsiri.

Chukua Black Panther ya mwaka 2018. Niliiona Nkwenda, Kyerwa, kwa msemaji mwingine, mtu mzima wa makamo. Kwa Kiingereza, T'Challa na Killmonger ni mabinamu, na mtu husikiliza ugomvi wao kama ugomvi wa watu wawili wanaogombea kiti cha ufalme wa Wakanda. Msemaji wetu hakulitumia neno binamu hata mara moja. Alisema: "Baba zao wamenyonya ziwa moja. Huyu ni ndugu yake." Kisha akaongeza: "Mzee alimuua mdogo wake, akamwacha mtoto ugenini bila hata mgomba mmoja. Leo mtoto kaja kudai kibanja."

Kibanja! Neno moja, na kila mtu kwenye benchi akawa ana mtu wake kichwani. Nani huku hana kesi ya kibanja, shamba la migomba la familia, kwenye ukoo? Kibanda kikagawanyika. Nusu wakawa upande wa Killmonger mpaka mwisho, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wazee wa Wakanda wangekaa kikao mapema, damu isingemwagika. Nilisoma baadaye maelezo ya wachambuzi kwamba adui wa filamu ile ana hoja nzito kuliko steringi. Nkwenda tulilijua hilo kabla ya nusu ya picha, kwa sababu msemaji alikuwa ameurudisha undugu mahali ambapo Kiingereza kiliupunguza.

Madini ya vibranium aliyaita bati la Wakanda. Kyerwa tunachimba bati, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo. Wakanda inapojionyesha kwa dunia kama nchi maskini ya wakulima huku imeficha utajiri chini, alisema: "Nje migomba, ndani ndege." Vijana wa machimboni walicheka kicheko kile chenye uchungu kidogo.

Mfano wa pili ni Mufasa: The Lion King, ya mwaka 2024. Hapa Hollywood yenyewe imekopa Kiswahili, na imekopa bila kuuliza. Mwanamfalme mpendwa, mtoto wa pekee wa mfalme, ameitwa Taka. Mmarekani anasikia jina tamu la Kiafrika. Sisi tunasikia kinachozolewa kwa koleo. Benchi ya watoto ilianza kucheka na picha ilikuwa inaelekea kuharibika, kwa kuwa huwezi kumwonea huruma mtu unayemcheka. Msemaji akaokoa jahazi: "Msicheke. Wazazi wake walizika watoto wengi. Huyu wakampa jina baya ili kifo kimdharau, kimpite." Kicheko kikakatika. Desturi hiyo tunaijua. Majina ya namna hiyo yako kwenye ukoo wangu mwenyewe. Na toka hapo kila mfalme alipomwita mwanawe, tulisikia woga wa mzazi. Nathubutu kusema sababu ile ni nzuri kuliko chochote kilichoandikwa kwenye muswada wa filamu.

Kisha kuna Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, ambayo imefanya jambo la ajabu: adui hana nchi. Marubani wanafunzwa, wanakwenda, wanapiga, wanarudi, na hakuna anayetaja ni nani waliyempiga. Kwa mfanyabiashara hiyo ni busara. Kwa msemaji ni shimo katikati ya barabara. Kijana wetu wa Omurushaka alilijaza kwa neno moja, "Nduli", na wazee wakanyamaza. Majeshi ya nduli huyo, Idi Amin, yaliingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na kwenda Bukoba kutoka hapa ni kupita Kyaka. Kwa hiyo dakika zile za ndege kupita bondeni hazikuwa tena mchezo wa mashine. Nilimuuliza baadaye kama angesema hivyo Murongo pia. Akatikisa kichwa. "Pale Waganda wanavuka kila siku, tunauziana, tunaoana. Pale adui hana jina." Nikaona kwamba amelipima neno lake hata kwa kilomita.

Zipo picha zinazomshinda hata fundi. Avatar: The Way of Water ni nzuri kwa macho, sitabisha, lakini bahari ile ilitengenezwa kwa ukumbi wenye pazia la ghorofa mbili. Kwenye runinga ya kibanda, samaki wote wanakuwa dagaa. Tukiondoa macho, hadithi iliyobaki ni nyembamba; msemaji aliihangaikia saa tatu kama mtu anayekuna nazi iliyokwisha. Kipimo changu cha picha kubwa kimetokana na hapo: ipunguze iwe ya runinga moja, iondolee sauti yake, mpe mtu wa Karagwe aiseme. Ikisimama, ni hadithi. Isiposimama, ilikuwa maonyesho.

Wasemaji wenyewe wana makosa yao, na sifa isiyotaja kosa ni kampeni. Wapo wanaotukana wanawake kwenye kila onyesho lenye mwanamke. Wapo wanaotangaza namba zao za simu juu ya maiti. Wapo wanaokimbia mazungumzo magumu na kuweka vichekesho, ukitoka hujui nani alimuua nani. Na mkate wao umekandwa kwa unga usionunuliwa, kwa kuwa picha nyingi zinafika vibandani bila ruhusa ya mwenye mali. Siwezi kulifunika hilo kwa maneno matamu. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alionyesha njia mwaka 2010 kwa Who Killed Captain Alex?: alitengeneza picha yake mwenyewe, na sauti ya vijei ikaingia kama sehemu ya picha. Natamani siku moja kijana wetu apewe picha ya mtu wa Kayanga aiseme kwa haki na kwa malipo.

Ila kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii ni kutonyamaza. Msemaji mbaya anaogopa ukimya kama mkopaji anavyoogopa kubisha hodi kwa mwenye duka. Katika hadithi za Wahaya, ambazo Peter Seitel alizikusanya kwenye kitabu chake cha mwaka 1980, wasikilizaji humwitikia mtambaji mwanzoni kwa kumtaka aone, ili nao wapate kuona. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Akishaona nasi tukaona, asimame mbele yetu kwa nini tena?

Nilielewa hilo kwa Black Panther: Wakanda Forever, ya mwaka 2022, kibanda kilekile cha Omurushaka. Chadwick Boseman, steringi aliyekuwa T'Challa kwenye picha ya kwanza, alikuwa amefariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Watoto wa Omurushaka walijua, ila walikuwa hawajaamini, steringi hafi. Picha inaanza na dada yake T'Challa akihangaika kutafuta dawa, mama anaingia kumwambia kwamba kaka ameondoka. Kijana alilisema hilo kwa neno moja la Kinyambo ambalo wafiwa huambiwa mlangoni. Kisha watu wa Wakanda wakatoka wamevaa nyeupe, jeneza likapandishwa juu, na ikaja ile nembo ya Marvel iliyojaa sura za Boseman, bila muziki.

Kijana akakilaza kipaza sauti kwenye goti. Sauti pekee ilikuwa jenereta nje, na matone machache yaliyobaki kwenye bati. Mzee mmoja nyuma akavua kofia. Nembo ikaisha, picha ikaendelea kidogo bila msemaji, na hakuna aliyelalamikia shilingi 500 yake.

Ndipo akakiinua tena, akakohoa pembeni, akasema kama wasemavyo wazee watu wakishatoka makaburini:

"Haya. Tuendelee."