Sifa Iliyotangulia Tendo: Uhakiki wa Mahojiano ya Runinga ya Dolly Parton kuhusu Albamu ya Rockstar

Mahojiano ya runinga ambamo msanii mkongwe hutangaza kazi zake zijazo aghalabu huhesabiwa kuwa tangazo la biashara tu, na kwa sababu hiyo huachwa nje ya uhakiki. Sehemu hii inapinga mtazamo huo kwa kuchunguza mahojiano ya Dolly Parton katika kipindi cha The View cha kituo cha ABC nchini Marekani, mnamo Januari 2023, mwezi ambao mwimbaji huyo wa muziki wa kantri alitimiza umri wa miaka 77. Katika mahojiano hayo alitangaza kuwa albamu yake ya kwanza ya muziki wa roki ingeitwa Rockstar. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mahojiano hayo yana umbo la majigambo, lakini ni majigambo yaliyopinduliwa: sifa imekwisha kutolewa, tendo ndilo linalosubiriwa.

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, majigambo ni utungo ambao mtendaji hujisifu mbele ya hadhira kwa kutaja matendo yake ya ushujaa. Uhalali wa sifa hiyo hutokana na tendo: shujaa hujigamba kwa vita alivyopigana. Hali ya Parton ilikuwa kinyume. Machi 2022 aliomba jina lake liondolewe katika orodha ya walioteuliwa kuingia katika Jumba la Umaarufu la Rock and Roll, akieleza kwamba hakuwa amestahili heshima hiyo. Hata hivyo, alidokeza kuwa uteuzi huo ulimpa hamasa ya kurekodi albamu ya roki siku moja. Jina halikuondolewa, na Novemba mwaka huohuo alitunukiwa. Jukwaani alieleza kuwa sasa ilimlazimu aifanyie kazi heshima hiyo. Waswahili husema ahadi ni deni. Mahojiano ya Januari 2023 ni ya mdaiwa anayeeleza jinsi atakavyolipa.

Mtazamo huu unafafanua dhima ya majina katika mahojiano hayo. Parton hakutangaza jina la albamu pekee, bali pia alitaja baadhi ya wanamuziki wa roki alioshirikiana nao. Msomaji wa juujuu ataona humo mbinu ya kuvutia wanunuzi, na hatakosea. Lakini katika muundo wa majigambo, majina hufanya kazi ya mashahidi. Msanii aliyesema hana haki katika uwanja wa roki anawaita wenye uwanja wamthibitishe. Watangazaji na watazamaji waliomo studioni, kwa vicheko na makofi yao, huwa waitikiaji, na kwa mwitikio huo ahadi inapokewa hadharani.

Ni muhimu pia kulinganisha mahojiano hayo na yale aliyofanyiwa na Barbara Walters mwaka 1977. Wakati huo Parton, mzaliwa wa familia maskini ya watoto 12 katika milima ya Tennessee mashariki, alitakiwa kueleza mavazi na nywele zake za bandia, pamoja na asili yake. Alijibu kwa utulivu kwamba mwonekano huo aliuchagua mwenyewe, na kwamba alijua alichokuwa akikifanya. Mwaka 1977 alilazimika kuitetea nafsi yake. Mwaka 2023 hakuhitaji tena utetezi huo. Umbali kati ya mahojiano hayo mawili ndio unaoupa unyenyekevu wa mkongwe uzito: anayekiri kutostahili ni mtu aliyekwisha kustahi nafsi yake.

Hata hivyo, umbo la mahojiano lina upungufu wake. Mazingira ya shangwe hayatoi nafasi ya kuhoji deni litalipwa kwa mali gani. Albamu ilipotoka tarehe 17 Novemba 2023 ilikuwa na nyimbo 30, na kati ya hizo 21 zilikuwa nyimbo za wasanii wengine. Ukubwa wa Parton umesimama zaidi juu ya utunzi, kama inavyothibitishwa na “Jolene” na “I Will Always Love You”. Kwa hiyo, ingawa albamu ilifika nafasi ya 3 katika chati ya Billboard 200, sehemu kubwa ya deni ililipwa kwa sarafu ya kuazima. Swali hilo halikuweza kuulizwa Januari, kwa kuwa waitikiaji hawamhoji mwenye kujigamba.

Inahitimishwa kwamba mahojiano kuhusu kazi zijazo ni utungo unaostahili kuhakikiwa kwa vigezo vyake. Yanamwezesha mkongwe kukataa kugeuzwa sanamu ya kumbukumbu, kwa kuwa mwenye deni hawezi kuhesabiwa kuwa amemaliza kazi. Lakini ahadi iliyopokewa kwa makofi haimwondolei mhakiki wajibu wa kungoja kazi yenyewe na kuipima.