Siku 20 Bila Laini

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Kongo nzima. Ilirudi usiku wa kuamkia Januari 20, 2019. Siku hizo 20 ndizo ninazopimia makufuli ya gemu, maana hapa Goma laini hukatika kwa mambo ambayo mchezaji hana mkono ndani yake: amri ya serikali, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo mwezi Mei 2021, vita vya Januari 2025. Swali langu kwa kila kufuli ni hili: mtu akishalipa, linamwamini kwa muda gani kabla ya kumuuliza tena yeye ni nani?

Yako makufuli yasiyomwamini hata dakika moja. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II ya kompyuta ikiwa imefungwa kwenye seva: gemu inapeleka ishara muda wote, na laini ikikatika inasimama palepale. Machi mwaka huohuo seva zenyewe zilishambuliwa, na wanunuzi wenye laini nzuri kabisa wakafungiwa nje. SimCity ya 2013 ilivumilia kama dakika 20. EA ilieleza kwamba sehemu kubwa ya hesabu za mji hufanywa kwenye seva, lakini baada ya siku chache mtundu mmoja alizima kipima muda cha dakika hizo 20 na mji ukaendelea kuishi bila mtandao. Mwaka mmoja baadaye EA yenyewe iliruhusu kucheza bila laini. Microsoft nayo ilitaka Xbox One iulize kila baada ya saa 24, ikafuta mpango huo Juni 2013 kabla mashine haijafika madukani.

Kufuli la PlayStation 4 linastahili kufunguliwa taratibu zaidi, kwa sababu mashine hiyo ndiyo iliyozoeleka katika vyumba vya michezo vya mitaani. Kwa maandishi ni la upole. Ukiiteua mashine kuwa ya msingi ya akaunti yako, gemu ulizopakua zinachezeka bila laini. Na diski haihitaji hata hilo. Siku 20? Hata 200.

Ila ndani, kwenye bodi, kuna betri ya umbo la sarafu, CR2032, inayotunza saa wakati mashine haina umeme. Ikifa, saa inapotea. Sony ilihitaji saa ya kuaminika ili mtu asighushi tarehe ya kupata trofi, hivyo saa ikipotea mashine ilidai kwanza iulize seva za kampuni. Seva zisipofikika, gemu iliyopakuliwa haikufunguka, na diski uliyoishika mkononi haikufunguka pia. Waliokuwa wakihifadhi gemu za zamani walilipigia kelele jambo hili mwanzoni mwa 2021, wakihofia siku Sony itakapozima seva hizo.

Sasa fikiria chumba cha michezo cha mtaa wa Katindo au Birere hapa Goma. Umeme ukienda, jenereta inawashwa. Mafuta yakiisha, kila kitu kimezimika. Jioni mwenye chumba anachomoa nyaya, anaifunga mashine kwenye mfuko na kulala nayo nyumbani, akiogopa wezi. Saa zote hizo ni ile betri ndogo inayobeba saa. Mashine iliyochomekwa ukutani mchana na usiku haiichoshi hivyo. Kwa maneno mengine, kasoro ambayo Ulaya ilizungumzwa kama tatizo la vizazi vijavyo, kwetu ilikuwa imejiwekea njia ya mkato.

Septemba 2021 Sony ilitoa programu ya mfumo namba 9.00, na waliojaribu mashine zenye betri iliyokufa wakakuta zinacheza. Maelezo ya toleo hayakulitaja jambo hilo. Nalisifu hata hivyo, hasa kwa kuwa programu ile inaweza kubebwa kwenye flashi na kupandishwa bila laini.

Linaloniuma ni mlango wa mbele. Kongo haimo katika nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Mtu wa mtaa wetu wa Himbi anayetaka akaunti hujiandika kuwa mkazi wa Ubelgiji au Afrika Kusini, ilhali masharti yanadai taarifa za kweli. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, yetu ikiwamo. Wachezaji walipaza sauti, sharti likafutwa ndani ya siku chache. Tangu Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa biashara ya mtandaoni, lakini mnunuzi wetu akitaka kudai haki yake kwa kampuni, itambidi aanze kwa kukiri kwamba alidanganya kuhusu nchi anayoishi. Februari 2025 PlayStation Network ilipozimika kama siku nzima duniani, wanaolipia PS Plus waliongezewa siku tano. Siku 20 za 2019 hakuna aliyezirudisha.

California, tangu Januari 2025, inamlazimu muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi kwamba anauza leseni tu. Ni hatua, ila haimwambii mnunuzi leseni hiyo itavumilia siku ngapi bila laini. Idadi hiyo iandikwe kwenye kava la gemu, karibu na bei, na kwa gemu inayochezwa peke yako isipungue 20.